Mume wangu amesikia sauti ya marehemu baba yake ugenini, sasa anataka tuhamie huko

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mzaliwa wa Pangani. Ninaishi Toronto, Kanada, na mume wangu ambaye ni Mwairishi. Tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka 11 na mdogo 8. Mume wangu anatoka kijiji cha pwani karibu na Waterford, kusini-mashariki mwa Ireland. Ni fundi umeme. Alikuja huku 2010, wakati ule kazi za ujenzi kwao zilipokufa na vijana wakawa wanaondoka kila wiki. Tulioana 2012. Ni mtu mwema, Shangazi. Nalisema hili mapema usije ukamfikiria vibaya.

Julai iliyopita tulikwenda kupumzika Newfoundland, kile kisiwa kilicho mwisho kabisa wa Kanada upande wa mashariki. Tulitua St. John's, tukakodi gari, tukashika barabara namba 10 inayofuata pwani kwenda kusini: Bay Bulls, Witless Bay, Ferryland, Renews, mpaka Trepassey. Si pwani kama ya kwetu. Hakuna mchanga mweupe wala mnazi. Ni majabali meusi yaliyosimama wima juu ya maji, miti mifupi iliyolazwa na upepo upande mmoja, na ukungu usiopiga hodi. Sasa hivi unaona mnara wa taa, ukigeuka kidogo huoni hata boneti ya gari lako. Watoto walifurahia ndege wa baharini wenye midomo ya rangi. Mume wangu alikuwa kimya tangu siku ya kwanza. Anapunguza mwendo, anatazama ukuta wa mawe, anatazama matuta ya viazi kando ya barabara, kisha anaendelea.

Siku ya tatu tukasimama kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Kuna gati dogo la mbao. Mzee mmoja alikuwa anapasua samaki, huyu wao wa cod, na mikono yake ilikwenda kama ya marehemu babu yangu akitengeneza ng'onda: kisu kooni, kisu tumboni, kichwa kinavunjwa kwenye ukingo wa meza, uti wa mgongo unang'olewa kwa mvuto mmoja, samaki anabaki amefunguka bapa. Nikasogea kutazama. Mzee akainua kichwa akatusemesha.

Mume wangu akashika nguzo ya gati. Nilidhani amejikwaa, kumbe ni ile sauti. Mzee alikuwa anaongea Kiingereza cha baba mkwe wangu, kile kile, na ule wimbo wake mwishoni mwa maneno. Alipotusemesha sote wanne alisema "ye", kama sisi tunavyosema ninyi. (Kiingereza cha Toronto hakina ninyi. Ukiambiwa "you" hujui kama umeitwa peke yako au na wenzako.) Alipokosa kisu chake kimoja hakusema amekipoteza, alisema yuko "baada ya kukipoteza". Mume wangu akaniambia baadaye kwamba baba yake alikuwa anasema hivyo hivyo. Nikamwambia mbona hata sisi husema nimetoka kula.

Mzee akamwuliza: wewe ni wa nani? Vile vile tulivyokuwa tunaulizwa watoto Pangani ukipita mbele ya baraza ya wazee. Mume wangu akataja ukoo wake na Waterford. Mzee akaelekeza kisu makaburini, juu ya kilima, akasema jina hilo limejaa pale. Kabla hatujapanda, mkewe akatoka na mkate, akawatilia watoto kipande kimoja kimoja mfukoni, kwa sababu ukungu ulikuwa unashuka na hao "wadogo" wa porini, majini wao, wanaweza kumpoteza mtoto njia. Mume wangu akasema bibi yake alikuwa akimfanyia hivyo. Tukapanda. Kweli jina limejaa. Akasimama kwenye makaburi ya watu asiowajua akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, mpaka watoto wakaogopa.

Lazima nikwambie kwamba baba yake alifariki Aprili 2020. Safari zilikuwa zimefungwa, na kwao mazishi yaliruhusiwa watu 10 tu. Aliyaona kwenye simu, jikoni kwetu, saa 12 asubuhi, picha ikikatikakatika. Halafu akavaa viatu akaenda kazini.

Tangu tulipotoka Newfoundland hayuko nasi. Usiku anakaa dirishani na simu, anatazama nyumba zinazouzwa kule. Amepata moja ya mbao, inatazama bahari, kwa bei ambayo Toronto hupati hata banda la gari. Anataka tuhamie kabla muhula mpya wa shule haujaanza. Na pesa anayoitaka ni akiba tuliyoiweka miaka sita kumjengea mama yangu nyumba Pangani. Msingi umeshamwagwa, matofali yako uwanjani. Nikifungua mdomo ananiambia: "Nimepata kwetu, mbona unanizuia?"

Kuna jingine ninaloona aibu kuliandika. Siku ile gatini, yule mzee alinigeukia na mimi, kwa upole kabisa, akaniuliza: na wewe, kipenzi, ni wa wapi? Nikamjibu, Toronto. Sijui kwa nini. Tangu siku hiyo nina uchungu nisiouelewa. Yeye amesikia kwao upande huu wa bahari. Mimi kwetu nitakusikia wapi? Huu ni wivu, Shangazi? Na nyumba nifanyeje?

Mwana wa Pangani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nilipofika kwenye hilo neno lako, Toronto, niliiweka barua mezani nikakaa kidogo. Nitalirudia. Kwanza nikuondolee shaka: pesa ya mama yako haiguswi. Mama aliyeona matofali yakishushwa uwanjani kwake ameshawaambia majirani, na ameshaanza kupanga kitanda kitakaa wapi. Mwambie mumeo hivyo kwa sauti ya kawaida, bila kugomba, na ukishasema usirudi kwenye mjadala huo. Mengine yote yanazungumzika.

Sasa tumsikilize na yeye, maana alichokisikia ni cha kweli na kina asili yake. Waairishi wana jina lao la kisiwa kile, Talamh an Éisc, yaani nchi ya samaki. Katika karne ya 18 meli za Uingereza zilizokuwa zikitoka bandari za Devon na Dorset kwenda kuvua cod zilipitia Waterford. Pale zilipakia nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi, na vijana. Vijana hao waliandikiwa mkataba wa viangazi viwili na kipupwe kimoja, kisha warudi kwao. Wengi walirudi. Wengine walibaki, wanawake nao wakaja, watoto wakazaliwa, mpaka katika miaka ya 1830 mkondo ule ukakauka. Karibu wote walitoka eneo moja dogo: Waterford na majirani zake, Wexford, Kilkenny, Tipperary na Cork. Watu hudhani kila Mwairishi aliye ng'ambo alikimbia ile njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845. Hawa walikuwa wameshafika, wameshajenga vichanja vyao vya kukaushia samaki, wameshazika wazee wao kwenye vilima kama hicho mlichokipanda. Ndiyo maana majina kama Power, Walsh na Murphy utayakuta pande zote mbili za bahari.

Na walikaa kila ghuba na watu wake, njia yao ikiwa mashua kuliko barabara, kwa hiyo usemi haukuchanganyika sana. Hilo la "baada ya kukipoteza" limetoka kwenye lugha ya Kiairishi yenyewe. Watu walihamia Kiingereza, lakini sentensi wakaendelea kuzipanga kama mama zao walivyozipanga. Hata kule kuulizana wewe ni wa nani ni desturi ya vijiji vile mpaka leo. Mumeo hakuota. Usimwambie hata siku moja kwamba alikuwa anajidanganya.

Naijua hali hiyo kwa sababu ilinishika na mimi. Mwaka 1998 nilikwenda Muscat kumwona mama yangu mdogo, aliyeondoka Unguja na mumewe baada ya mapinduzi ya 1964. Jioni moja tukashuka soko la Mutrah, nikapotezana naye kwenye vichochoro. Mzee mmoja, kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani, alikuwa amekaa mbele ya duka la ubani. Akaniona ninavyoangaza huku na huku, akasema: "Mwanangu, wendapi?"

Ilikuwa sauti ya bibi yangu. Bibi yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma yake, nami nilikuwa mbali, nikaja kukuta arobaini imeshapita. Nilikaa kwenye benchi la yule mzee mpaka adhana ya isha. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, nikawa namwambia mama mdogo anitafutie kazi nibaki. Alinitazama tu, hakunijibu.

Kiasi cha siku ya nane yule mzee akaniuliza habari za mtaa wake wa Unguja. Nani anakaa kwenye nyumba ile ya pembeni yenye mlango wa misumari? Yule muuza kahawa bado anapita na buli lake? Na sinema? Nikamwambia sinema imefungwa siku nyingi. Akasema, "Hapana." Alisema kwa upole, kama mtu anayerudishia mlango usiku upepo usiingie. Nikajua pale pale kwamba mzee huyu ana Unguja yake, ya 1964, ameitunza vizuri kuliko sisi tulioishi ndani yake, lakini bibi yangu hayumo. Hakuwahi kumwona. Yule niliyekuwa ninamtafuta mimi alikuwa amelala kwenye mchanga, upande mwingine wa bahari, nami sijakanyaga kaburini kwake. Nilirudi nyumbani wiki iliyofuata, nikaenda moja kwa moja. Yule mzee niliendelea kumpelekea karafuu kila nilipopata msafiri, mpaka alipofariki.

Mwanangu, mumeo hakuzika. Kwao msiba una taratibu zake, nawe kama hujawahi kuziona utazitambua ukizisikia. Maiti hulazwa nyumbani au mahali pa kuagia, watu wakaja usiku kucha, wakanywa chai, wakamsimulia marehemu mpaka vicheko vikatoka. Foleni inapita mbele ya wafiwa, kila mtu anatoa mkono na kusema pole yao, maneno yale yale kwa kila mfiwa. Baada ya mwezi mmoja kuna Misa ya kumkumbuka, kama sisi tunavyosoma arobaini, na kila mwaka tarehe ile ikifika Misa tena. Mumeo hakupata hata kimoja. Alipata simu iliyokatikakatika saa 12 asubuhi, jikoni, kisha akavaa viatu akaenda kwenye waya za watu. Hakuna aliyempa mkono. Hakuna aliyemletea sufuria ya chakula. Miaka yote hii amebeba maiti ya baba yake, na pale gatini mzee wa watu alipofungua kinywa, mzigo ukamshuka mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya nyumba yoyote, aende Waterford. Afanye safari iangukie Aprili, mwezi ule wa msiba. Awaandikie ndugu zake mapema, aombe Misa kwenye parokia ya kwao, na siku hiyo watu waje nyumbani baada ya kanisa, chai imwagwe, mikono itolewe. Hakuna atakayeona ajabu kwamba imechelewa. Wengi waliofiwa mwaka ule wana deni kama lake, na majirani zake wengine wamo humo. Kama nauli haitoshi wote wanne, aende na mtoto mkubwa. Miaka 11 ni umri wa kuona baba yako akilia mahali panapostahili na kuelewa kwamba si jambo la kuogopa. Tena amsikie bibi yake, mama wa baba, kama yu hai, na shangazi zake, wote wakiongea kwa ile lugha ya gatini.

Baada ya hapo ndipo Newfoundland, na hapo sitaki umfungie mlango. Ila muione kwa macho mawili. Ninyi mmeiona Julai. Kakodini nyumba kijiji kile kile wiki tatu za Februari, wakati mvua inashuka ikiganda juu ya barabara na madirisha, upepo haunyamazi, na jua linaonekana kwa mgao. Akikaa wiki tatu hizo akiwa bado anapataka, basi anapapenda kweli, mtazungumza vingine.

Na apajue kwa habari zake zote, si za makaburini peke yake. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa cod wa pwani ile kwa sababu samaki walikuwa wamemalizwa. Watu karibu 30,000 walipoteza kazi. Hebu fikiria Pangani, Kipumbwi na Mkwaja zote zikiambiwa kwa siku moja kwamba kesho hakuna kushusha ngalawa. Vijana wa vijiji vile wakaondoka, wengi kwenda kwenye mafuta ya Alberta, upande wa pili wa nchi, na wapo mpaka leo wanaokaa kazini wiki kadhaa na kurudi nyumbani wiki kadhaa. Yule mzee mliyemkuta huenda alikuwa anavua tu wale samaki watano kwa siku ambao mtu huruhusiwa kwa ajili ya chungu chake majira ya kiangazi. Huenda watoto wake mwenyewe wako Alberta wanatafuta mtu anayeongea kama yeye. Mumeo amwulize. Kumwuliza mtu habari za maisha yake ni heshima kubwa kuliko kumlilia kwa sababu anafanana na baba yako.

Yapo pia ya kawaida ambayo nyumba inayotazama bahari haiyaonyeshi: hospitali iko umbali gani usiku wa theluji, shule ina watoto wangapi wa rika la wanao, fundi umeme anapata kazi ngapi kijiji ambacho nyumba nyingine zimefungwa mbao madirishani, na wewe kazi yako utaifanyia wapi. Ikiwa baada ya yote haya moyo wake uko kule, St. John's ni mji wenye hospitali, chuo kikuu na kazi za ujenzi, na Ferryland ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Hilo ni jambo ambalo watu wazima wawili wanaweza kulipigia hesabu mezani. Lakini kwa pesa nyingine.

Sasa turudi kwenye Toronto yako.

Uliuliza kama ni wivu. Uite utakavyo, una haki nao. Mimi nilichojiuliza ni kwa nini hukusema Pangani. Nadhani najua. Miaka kumi na kitu umeulizwa swali hilo na watu wasiotaka jibu. Ukisema Tanzania wanakuuliza habari za simba, ukisema Pangani hawajawahi kuisikia, basi ukatafuta jibu fupi linalomaliza mazungumzo, likazoea mdomoni. Lakini yule mzee hakuuliza hivyo. Aliuliza lile swali la barazani kwenu, kwa maana ile ile, na kisu cha samaki mkononi. Ungemwambia kwamba babu yako alikuwa anapasua samaki vile vile na kumwanika juani, angeweka kisu chini mkaongea. Huenda ungesikia kwenu pale pale, tena kwa mikono yake kabla ya maneno. Maana wewe ulishasikia, mwanangu. Wewe ndiye uliyesogea kwanza kutazama, kabla mumeo hajashika nguzo. Barua yako mwenyewe imesema.

Na mumeo alikuwa amesimama hapo. Alikusikia ukisema Toronto. Umemwonea huruma miaka yote kwa kuwa mbali na kwao, ukampikia, ukamnyamazia, na uchungu wako wewe ukauficha vizuri mpaka naamini amesahau kwamba unao. Ndiyo sababu anaweza kuitaka pesa ya nyumba ya mama yako bila mkono wake kutetemeka. Anadhani ni matofali. Hajui kwamba nyumba ile ni gati lako.

Usianze na hilo lakini. Usiku wa leo akikaa dirishani na simu yake, vuta kiti ukae naye. Mwulize baba yake alikuwa akimwita jina gani alipokuwa mdogo, walipokuwa wawili tu, na alikuwa akilitamkaje. Mwache aseme yote, hata ikifika usiku wa manane. Akimaliza, mwambie ulichokuwa unataka kumjibu yule mzee.

Shangazi